Java Inapogoma: Iulize Mashine Kabla ya Kuiweka Upya

Muhula ukianza tu, kuanzia Tunguu hadi Mchangamdogo, picha ni ile ile: kioo cha laptopu kimepigwa kwa simu, upande mmoja umekatika, maandishi mekundu hayasomeki, na chini yake maneno mawili, "Java imekataa." Mwenye haraka humjibu mwenzake: iondoe, uiweke tena. Ushauri huu unawaumiza watu. JDK, yaani furushi la zana za kuandikia programu kwa lugha ya Java, peke yake ina megabaiti kama 150 hadi 200, na programu kubwa ya kuandikia msimbo (IDE) inazidi hapo mara kadhaa. Kijana wa Wete anayenunua bando kwa fedha ya mfukoni, bando lake litaisha na tatizo libaki pale pale. Tena mara nyingi Java mpya hukaa kando ya ile ya zamani bila kuifuta, ikawa mashine iliyokuwa na Java moja sasa inazo mbili.

Katika kukaa na wanafunzi wa Unguja, na wa Pemba kwa simu, nimeona kwamba ni nadra Java yenyewe kuwa imeharibika. Kinachotokea ni mashine kutumia Java ambayo mwenyewe hajui kuwa ndiyo inayotumika. Basi kabla hujagusa kitu, fungua dirisha la amri la Windows na uulize:

java -version
javac -version
where java
echo %JAVA_HOME%

Ukiwa kwenye PowerShell andika `where.exe java` na `$env:JAVA_HOME`, kwa sababu humo `where` peke yake ni amri nyingine kabisa na itakaa kimya ukadhani huna Java. Kwenye Linux ni `which -a java` na `echo $JAVA_HOME`. Kama mradi wako unatumia Maven, zana ya kujenga mradi na kushusha maktaba zake, ongeza `mvn -version`, maana Maven nayo hutaja Java inayoitumia. Majibu yote yanakiliwe mahali. Yakitofautiana, umeshapata pa kuanzia.

Mashine inasema haiijui `javac`

'javac' is not recognized as an internal or external command

Hapa sababu ni mbili. Ya kwanza, una JRE tu, huna JDK. JRE huendesha programu iliyokwisha kukompailiwa. JDK ndiyo yenye kompaila. Kuanzia Java 11, iliyotoka Septemba 2018, kampuni ya Oracle haitoi JRE ya peke yake kwa matoleo mapya, kwa hiyo ukiikuta mashineni mwako mara nyingi huwa ni Java 8 iliyowekwa zamani kwa ajili ya mfumo fulani wa ofisi. Usiifute kama laptopu ni ya kazini kwa mzazi wako. Weka JDK pembeni yake. Ile ya Eclipse Temurin ni ya bure na haidai kujisajili.

Ya pili, JDK ipo lakini PATH, yaani orodha ya folda ambamo mashine hutafuta amri, haielekei kwenye folda yake ya `bin`. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi: PATH inataka `bin`, JAVA_HOME haitaki. JAVA_HOME, inayotaja mahali JDK ilipo, inaishia kwenye folda ya JDK, kwa mfano `C:\Program Files\Java\jdk-21`, na PATH inapewa `%JAVA_HOME%\bin`. Ukiigeuza kinyume, `javac` itakubali lakini Maven itakulalamikia kwamba JAVA_HOME si sahihi.

Ukishabadilisha, funga dirisha la amri ufungue jipya. Dirisha lililokuwa wazi linashikilia PATH ya zamani hadi unalifunga, na IDE iliyokuwa wazi ni hivyo hivyo. Nimeona watu wakibadilisha kitu sahihi, wakakijaribu kwenye dirisha lile lile la zamani, wakaona hakikufanya kazi, wakakirudisha kilivyokuwa. Hapo mtu anahangaika siku nzima akiwa na jibu mkononi.

Inakompaili, lakini haiendeshi

java.lang.UnsupportedClassVersionError: ... class file version 65.0, this version of the Java Runtime only recognizes class file versions up to 52.0

Ujumbe huu ni mrefu na unatisha, na kwangu mimi ndio ujumbe mwema kuliko yote, kwa sababu unakupa jibu kwa namba. Ondoa 44 kwenye kila namba. 65 ukiondoa 44 unabaki na 21. 52 ukiondoa 44 unabaki na 8. Maana yake programu imekompailiwa kwa Java 21 na inaendeshwa kwa Java 8. Kwa hesabu hiyo hiyo, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, na 69 ni Java 25.

Imekuwaje `javac` iwe ya 21 na `java` iwe ya 8 katika mashine moja? Rudi kwenye jibu la `where java`. Likiwa na mistari miwili au zaidi, Windows inachukua wa juu. Na mstari wa juu mara nyingi ni huu:

C:\Program Files\Common Files\Oracle\Java\javapath\java.exe

Kisakinishi cha Oracle hujipachika mwanzoni mwa PATH. Wewe ukaja ukaongeza JDK yako mpya kwenye PATH ya mtumiaji, na hapo ndipo mtego ulipo: Windows husoma PATH ya mfumo kwanza, kisha ndipo inasoma ya mtumiaji. Ya kwako iko nyuma siku zote, hata ukiipandisha juu kabisa ya orodha yako. Dawa ni kuingia kwenye PATH ya mfumo, ukaipandisha `%JAVA_HOME%\bin` juu ya mstari wa `javapath`, au ukauondoa mstari huo. JAVA_HOME nayo iwe upande wa mfumo, isikae upande wa mtumiaji. Kama laptopu ni ya chuo au ya ofisi na huna ruhusa ya msimamizi, usipigane nayo. Kila ufunguapo dirisha la amri, andika:

set JAVA_HOME=C:\jdk-21
set PATH=%JAVA_HOME%\bin;%PATH%

Mabadiliko hayo yanaishi ndani ya dirisha lile tu, na hayamsumbui mtu mwengine anayetumia mashine hiyo.

Hitilafu ya upande wa pili ni `invalid target release: 21` au `release version 21 not supported`. Hapa kompaila ndiyo ya zamani, na mradi unadai toleo jipya kuliko ilivyo. Ukiona inakubali ndani ya IDE na inakataa kwenye dirisha la amri, au kinyume chake, jua kwamba IDE ina Java yake iliyoichagua. Kwenye IntelliJ IDEA kuna sehemu tatu za kutazama: SDK ya mradi, kiwango cha lugha, na Java ya Maven au Gradle iliyojificha kwenye mipangilio ya zana za ujenzi. Kwenye Eclipse tazama orodha ya JRE zilizowekwa na kiwango cha kompaila cha mradi. Watu hurekebisha ya kwanza wakaisahau ya mwisho.

Gradle, zana ya ujenzi kama Maven, ina ujumbe wake: `Unsupported class file major version 65`. Hesabu ni ile ile ya 44, ila mwenye kulaumiwa hapa ni Gradle yenyewe kuwa ya zamani kuliko Java yako. Java 17 inataka Gradle 7.3 au zaidi, na Java 21 inataka 8.5 au zaidi. Toleo limeandikwa ndani ya `gradle/wrapper/gradle-wrapper.properties`. Ukilibadilisha, jitayarishe kwa upakuaji, maana Gradle itashusha toleo hilo zima.

Notisi zinasema hivi, mashine inasema vile

Notisi za darasani huishi miaka mingi. Zinarithiwa kutoka kundi hadi kundi, na Java haisubiri. Mwanafunzi anafuata hatua kwa hatua, hakukosea hata nukta, na bado inakataa. Huyu anastahili kuambiwa mapema kwamba si yeye.

Notisi zinazotumia NetBeans 8.2 zinataka JDK 8. Ukiiwekea JDK ya karibuni inaanza matata tangu usakinishaji. Chukua Apache NetBeans ya sasa badala yake, miradi ya zamani mingi itafunguka. Notisi zenye madirisha ya JavaFX ziliandikwa wakati JavaFX imo ndani ya JDK. Kuanzia Java 11 imetoka, na ndiyo maana unasomewa `JavaFX runtime components are missing`. Unapaswa kuiongeza mwenyewe kama maktaba, au uchukue JDK iliyofungwa pamoja nayo. Notisi za servleti zinazoanza na `import javax.servlet` zitakataa kwenye seva ya Tomcat 10, kwa sababu kuanzia hapo jina limekuwa `jakarta.servlet`, ama badilisha jina, ama shuka kwenye Tomcat 9. Na anayejaribu Spring Boot 3 kwa Java 11 asijitese. Inataka 17 kwenda juu.

Siku hizi kuna na kinyume chake. Video mpya zinaonyesha programu inayoanza na `void main()` bila klasi na bila `public static`. Huo ni utaratibu wa Java 25, iliyotoka Septemba 2025. Kwenye Java 17 ya maabara msimbo huo hautakubali, na wala hakuna kilichoharibika.

`Could not find or load main class`

Hii haihitaji maneno mengi. Tazama kwanza kama Windows imeficha viambishi vya majina ya faili, na faili lako kwa kweli linaitwa `Salamu.java.txt`. Tazama kama umeandika `java Salamu.class`, jina linaandikwa bila `.class`. Tazama kama juu ya faili pana mstari wa `package tz.duka;`, maana hapo unapaswa kusimama nje ya folda `tz` na kuandika `java tz.duka.Salamu`. Na herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti hata kwenye Windows, ambayo kwenye majina ya faili haijali.

Ikikutwa klasi yako lakini inakosekana ya mtu mwengine, kwa `ClassNotFoundException` au `NoClassDefFoundError`, basi jar fulani, yaani faili la maktaba, haimo kwenye njia ya klasi (classpath). Kwenye Windows majina hutenganishwa kwa nukta-mkato, kwenye Linux kwa nukta mbili. Anayehamisha amri kutoka video ya mtu wa Linux hunaswa hapo.

Maven inasubiri intaneti ambayo haipo

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo visiwani kwetu tunapoumia zaidi, na nyaraka nyingi zimeandikwa na watu ambao intaneti yao haikatiki.

Maven hushusha maktaba mara moja na kuziweka kwenye folda `.m2\repository` ndani ya folda ya mtumiaji. Mtandao ukikatika katikati, inaacha kijifaili kinachoishia na `.lastUpdated`, na kijifaili hicho ni kumbukumbu kwamba "nilijaribu, nikashindwa." Mtandao unarudi, unajaribu tena, na Maven inakujibu kwamba haitajaribu tena hadi muda fulani upite. Mtu anaamini seva imekufa. Seva haina neno. Andika:

mvn -U clean package

Herufi `-U` inailazimisha ijaribu upya. Ikibaki ngumu, nenda kwenye folda ya maktaba iliyotajwa kwenye ujumbe, uifute hiyo tu. Nasisitiza hiyo tu. Ukifuta `repository` nzima utashusha upya kila kitu, na mradi wa kawaida wa Spring unaweza kuvuta mamia ya megabaiti. Tatizo la jar iliyoshuka nusu lina sura nyingine: `error reading ...jar, zip END header not found`. Futa folda ya toleo la jar hiyo, ishuke upya.

Kama unapata waifai chuoni na nyumbani hakuna kitu, tumia muda wa chuoni vizuri. Kabla ya kuondoka andika `mvn dependency:go-offline`, kisha `mvn package` mara moja, kwa kuwa ile amri ya kwanza huacha baadhi ya programu-jalizi. Nyumbani fanya kazi kwa `mvn -o package`; hiyo `-o` inaiambia isitafute mtandao kabisa. Gradle ina `--offline` kwa kazi hiyo hiyo.

Na kwa ndugu zetu wa Pemba: folda ya `.m2\repository` inanakilika. Mtu aliyeko mjini anaweza kuitia kwenye fleshi, ikapanda boti hadi Mkoani, na darasa zima likapata maktaba bila kununua bando. Ila kuna jambo moja. Ndani ya kila folda Maven huweka faili liitwalo `_remote.repositories`, linaloandika maktaba ilishushwa kutoka ghala gani. Kama mashine inayopokea imeelekezwa kwenye ghala lenye jina tofauti, Maven itakataa maktaba ingawa iko mbele ya macho yako. Futa mafaili hayo yote ya `_remote.repositories` na itakubali. Zikague fleshi kwa kinga-virusi kabla, tafadhali.

Sasa hitilafu inayowatia watu hofu:

PKIX path building failed: unable to find valid certification path to requested target

Hili ni suala la vyeti vya usalama. Ama JDK yako ni ya zamani sana na haivijui vyeti vya sasa, ama kinga-virusi au mtandao wa ofisi unaingia katikati ya mawasiliano na kuweka cheti chake. Jaribu kwa mtandao wa simu. Ikikubali, tatizo ni la ule mtandao wa kwanza, na msimamizi wake ndiye wa kuulizwa. Usifuate ushauri wa kuzima ukaguzi wa vyeti.

Soma kwa makini lakini, kwa sababu kuna pacha wake: `PKIX path validation failed`, ikiwa na `NotBefore` ndani ya maelezo. Neno moja limebadilika na sababu imebadilika. Hapa cheti kimepatikana, ila mashine yako inaamini kwamba tarehe ya kuanza kwake haijafika. Tazama saa pembeni mwa kioo. Kompyuta za mezani zilizokaa miaka, betri ndogo ya CR2032 ndani yake hufa, na kila umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma miaka. Rekebisha tarehe, Maven itakubali papo hapo. Kisha tafuta betri mpya, maana ni ile ya duara inayotumika kwenye vitu vingi vidogo na bei yake ni ya chini.

Umeme umekatika, na mradi haufunguki

Umeme wa Unguja unakuja kwa kebo chini ya bahari kutoka bara, na Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010. Waliokuwa wakubwa wanaikumbuka miezi ile kuanzia Disemba 2009, Unguja nzima ikiwa gizani kwa takriban miezi mitatu. Siku hizi kukatika ni kwa muda mfupi, lakini sekunde moja inatosha kwa laptopu iliyokufa betri ikiwa katikati ya kuandika faili.

Dalili ya wazi kabisa ni hii: `illegal character: '\u0000'`, mara mia, kwenye faili lililokuwa zima. Faili limejaa sufuri. Usijaribu kulisafisha. Kwenye IntelliJ bonyeza faili kwa kitufe cha kulia na ufungue Local History. Eclipse nayo ina historia ya namna hiyo chini ya Replace With. IDE hizi huhifadhi nakala za mabadiliko yako hata kama hujawahi kutumia Git, zana ya kutunza historia ya msimbo. Vijana wengi hawajui hili, na wameandika upya kazi za wiki nzima wakati nakala imelala humo humo mashineni.

Eclipse ikisema `Workspace in use or cannot be created`, hakikisha kwanza kwenye meneja wa kazi kwamba hakuna Eclipse nyingine inayoendelea chini kwa chini, kisha futa faili `.lock` ndani ya folda `.metadata`. Ikifunguka nusu na kuganda, ifungue kwa `eclipse -clean`. Usiifute `.metadata` yote, humo ndimo ilimo mipangilio yako na ile historia niliyoitaja. IntelliJ ikianza kupiga mistari myekundu kwenye msimbo ambao kwenye dirisha la amri unakompaili vizuri, kinachosumbua ni kache. Ipo amri ya Invalidate Caches kwenye menyu ya File. Soma visanduku vyake kabla ya kukubali, kimoja kinafuta hiyo Local History.

Gradle huonyesha maumivu yake kwa `Could not read workspace metadata` na jina refu la faili `metadata.bin`. Andika `gradlew --stop` kwanza, kwa sababu Gradle ina mtumishi anayebaki nyuma akishikilia mafaili, kisha futa folda iliyotajwa na ujaribu tena. Git ikisema `object file is empty`, na kazi yako iko kwenye seva, njia salama ni kushusha nakala mpya kando na kuhamishia mafaili uliyoyabadilisha. Anayeandika kwenye kompyuta ya mezani bila UPS asukume kazi yake kwenye seva kila inapofika mahali pazima, asingoje jioni.

Poti, MySQL na kumbukumbu

`Port 8080 was already in use`: programu yako ya jana bado inaendelea. `netstat -ano | findstr :8080` itakupa namba mwishoni mwa mstari, na `taskkill /PID` pamoja na namba hiyo na `/F` itaimaliza.

Kwa MySQL, kila ujumbe una mahali pake. `No suitable driver` ni jar ya kiunganishi kukosekana. `Communications link failure` ni seva kutowashwa, au poti si 3306. `Access denied` ni habari njema kidogo: umefika kwenye seva, jina la mtumiaji au neno la siri ndilo lililokosewa. `Public Key Retrieval is not allowed` ni ya MySQL 8; kwa mashine yako ya kujifunzia ongeza `allowPublicKeyRetrieval=true` kwenye anwani. Na viunganishi vya zamani kidogo hulalamika kwamba saa za eneo za seva hazitambuliki. Andika `serverTimezone=Africa/Dar_es_Salaam`, Zanzibar iko kwenye saa hizo hizo.

Laptopu ya gigabaiti 4 inayofungua IDE kubwa, kivinjari chenye kurasa ishirini na seva ya hifadhidata kwa pamoja itaganda, na hakuna mpangilio wa Java utakaoiokoa. Kwa mazoezi ya darasani tumia kihariri chepesi. Tangu Java 11 unaweza kuandika `java Salamu.java` na faili moja likaendeshwa bila hatua ya `javac`. Ukisomewa `Could not reserve enough space for object heap`, ama umetaja `-Xmx` (kikomo cha kumbukumbu ya programu) kubwa kuliko mashine inavyoweza, ama umeweka Java ya biti 32.

Jambo la maandishi ya Kiarabu nalitaja kwa ajili ya wale wanaotengeneza daftari za madrasa. Majina yakigeuka alama za kuuliza, kompaili kwa `javac -encoding UTF-8`. Kuanzia Java 18, UTF-8 ndiyo ya kawaida kila mahali kwenye kusoma na kuandika mafaili. Dirisha la amri lenyewe la Windows lina usimbaji wake. Jaribu `chcp 65001` kabla.

Ukishindwa, uliza namna hii

Anayekujibu ni mtu, ana kazi zake, na mara nyingi anasoma kwenye simu ndani ya daladala. Msaidie akusaidie.

Picha ya kioo haisaidii kwa sababu haiwezi kunakiliwa wala kutafutwa. Nakili maandishi yenyewe. Yakiwa ni hitilafu za kompaila, tuma ya kwanza tu. Zile arubaini zinazofuata mara nyingi ni watoto wa hiyo ya kwanza. Yakiwa ni mlolongo mrefu wa wakati programu inaendeshwa, tuma mstari wa juu kabisa na `Caused by` ya mwisho kabisa, hiyo ya chini ndiyo inayobeba sababu. Kabla ya kutafuta kwenye intaneti, ondoa majina yako mwenyewe kwenye ujumbe: jina la folda yako na la klasi yako hayapo kwenye mashine ya mtu mwengine.

Msimbo usiubandike moja kwa moja kwenye WhatsApp. Nyota mbili zinazozunguka maneno humezwa na kugeuka maandishi mazito, na mistari ya chini hugeuka mlalo, kwa hiyo anayekusaidia anasoma msimbo ambao si wako. Uzungushie alama tatu za ` au utume faili lenyewe kama hati. Anayepokea naye akikompaili na kuona `illegal character: '\u201c'`, ajue alama za kunukuu zimepinda njiani na aziandike upya kwa kibodi. Na faili la `application.properties` lina neno la siri la hifadhidata; lifute kabla hujalituma kundini.

Huu hapa ni ujumbe ambao unajibika:

"Assalamu alaykum kaka. Natumia Windows 10, mradi wa Maven. Ndani ya IntelliJ unakubali, kwenye dirisha la amri unakataa. Nimeandika `mvn clean package`, nimepata `Fatal error compiling: invalid target release: 17`. `java -version` inasema 17. `mvn -version` inasema 1.8. JAVA_HOME ni `C:\Program Files\Java\jdk1.8.0_202`. Nimefunga dirisha nikafungua jingine, bado."

Na jibu lake halizidi mistari mitatu:

"Wa alaykum salaam. Maven inaifuata JAVA_HOME, haifuati PATH, na JAVA_HOME yako bado iko kwenye 8. Ielekeze kwenye folda ya JDK 17, bila `bin`, ufungue dirisha jipya. Kisha nitumie `mvn -version` inavyosema."